Bakuli Lililotoka Korea

Ibtihal binti Maen alikuwa fundi wa maneno yasiyomuudhi mtu. Msicheke, hiyo nayo ni kazi, tena ina mshahara wake kila mwisho wa mwezi. Kitu kikigombaniwa, huyu anasema kiliibiwa na yule anasema kilinunuliwa, anaitwa Ibtihal. Anakaa, anafikiri, anaandika kibao cha kuwekwa mbele ya kioo, na kibao kile mwizi anakisoma bila kukunja uso, na aliyeibiwa anakisoma asipate pa kukishika. Kazi hiyo aliifanya kwenye makumbusho ya Humoud, tajiri mmoja wa Nizwa, kule Omani, aliyefufua nyumba kongwe ya udongo ya babu zake nyuma ya soko, akaijaza vyombo vya kaure kutoka kila pembe ya dunia.

Ufundi wenyewe hakuupata chuoni, ingawa chuo alisoma. Aliupata nyumbani kwao Ibra. Wazee wake walitoka Unguja mwaka wa sitini na nne, na walivyotoka inajulikana, lakini nenda kawaulize. "Tulihama," watakwambia. "Zile siku," watasema, kana kwamba wanazungumza habari za mvua za masika. Mama yake, Bi Thuraya, akiulizwa na majirani kuhusu baba yake mzazi, miaka yote alijibu jibu moja, "Alibaki Unguja," kisha akawasogezea watu sahani ya haluwa. Basi Ibtihal alikua akijua kwamba mwenye adabu hasemi jambo kwa jina lake. Analisitiri. Hata shuleni, watoto walipomwita Mzinjibari, yaani mtu wa Unguja, kwa ile sauti ya kubana pua, hilo nalo alilisitiri, hakumwambia mtu.

Sasa likaja hili bakuli. Lilikuwa la kaure ya kijani kilichofifia, ndani wamechorwa korongo wawili wanaruka, na umri wake karne nyingi. Humoud alilinunua Ulaya, na waliomuuzia hawakuficha kitu. Walimpa hata jina la kilima cha Korea lilipofukuliwa, zama zile Wajapani walipoitawala nchi. Humoud alifurahi sana, maana kwake jina la kilima lilikuwa ushahidi kwamba bakuli si la bandia. Akaita watu wa gazeti. Picha ikatoka, na jina la kilima likatoka, na gazeti likafika Sur mezani kwa mzee mmoja aliyekuwa anakunywa chai.

Mzee huyo aliitwa Seo. Alikuwa Mkorea, fundi mstaafu wa mitambo ya gesi. Alikuja kwa kazi, mkewe akafa akazikwa huku huku, na yeye akashindwa kumwacha peke yake. Kiarabu chake kilikuwa cha karakana, maneno makavu yasiyo na mapambo, lakini desturi za watu wa Sur alizishika kuliko vijana wengi wa Sur. Kile kilima kilikuwa cha ukoo wake. Babu yake ndiye aliyekuwa mtunza makaburi, na siku waliyokuja watu na majembe walimwekea bunduki kisogoni, awaonyeshe kaburi la bibi aliyeanzisha ukoo. Akaonyesha. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila ilipofika siku ya kuwakumbuka wafu alikwenda kuinama mbele ya kaburi lililovunjwa, akaomba radhi mpaka watoto wakaona haya kumtazama.

Seo alipanda gari asubuhi ile ile, akafika Nizwa adhuhuri, akasimama mbele ya kioo. Alisimama muda mrefu hata Nadhir, msimamizi wa makumbusho, akaenda kumwita Ibtihal.

"Wewe ndiye unaandika?" Seo aliuliza.

"Ndiye mimi, ammi. Karibu ukae."

"Sikai. Andika kwamba limetolewa kaburini. Andika kwamba kulikuwa na bunduki. Halafu tuzungumze lini linarudi. Dada yangu ana miaka tisini na moja, ndiye anayelitunza kaburi sasa. Nataka alirudishe kwa mkono wake."

Ibtihal aliyajua mambo haya kwa kuyasoma. Alijua kwamba vitu vilivyochukuliwa Korea, waliovichukua huandika "vilihamishwa" na Wakorea wenyewe huandika "viliporwa," na kwamba kuna watu na elimu zao wanaokesha kutafuta neno la katikati litakalozikalisha pande mbili meza moja. Hakuona ubaya. Aliamini kabisa, na hili tumpe haki yake, kwamba mwenye mali akitukanwa hang'oki, lakini akisitiriwa huona haya akarudisha mwenyewe. Aliona hivyo kwao mara ngapi! Mtu kaazima kitu asirudishe, mama anamwambia, "Naona umenitunzia sufuria langu," na kesho sufuria linarudi, limesuguliwa.

"Ammi," alisema, "ukianza na bunduki, Humoud atafunga mlango. Niachie mimi neno. Neno jepesi leo, bakuli kesho."

Seo alimwangalia kwa macho madogo yaliyochoka. "Wewe unajua nini habari ya kuchukuliwa kitu?"

"Sisi pia tulifukuzwa kwetu," Ibtihal akajibu.

Hilo neno, tulifukuzwa, hakuwahi kulitamka maisha yake yote. Na mara ya kwanza kulitamka, alilitumia kumlainisha mzee wa watu. Lilifanya kazi. Seo alikaa.

Alhamisi Ibtihal alirudi Ibra na rasimu ya kibao chake, amejawa na furaha ya fundi aliyemaliza mlango. Bi Thuraya alikuwa barazani anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona unachekacheka peke yako, umepata mchumba?"

"Nimepata neno, mama." Akamsomea. "Bakuli hili lilitoka Korea mwanzoni mwa karne iliyopita, likapita Ulaya, likafika Nizwa."

Mama akaendelea kuchambua mchele wake. Kisha akauliza, "Lilitoka?"

"Ndiyo."

"Lilivaa viatu likatoka? Likaaga majirani?"

"Mama nawe! Ni neno la katikati. Halimuumi mtu."

"Katikati hakuna neno, Ibtihal. Kuna la aliyechukua na kuna la aliyechukuliwa. Hilo unaloliita la katikati ni lile lile la aliyechukua, limeoga tu limejifukiza udi."

Ibtihal akacheka, na kicheko chake kikafika katikati kikamfia, kwa sababu mama ameweka ungo chini. Na hapo barazani, mchana kweupe, majirani wanapita, Bi Thuraya akasema aliyokuwa hajayasema kwa mtu.

"Babu yako hakubaki Unguja. Nani abaki! Walimpiga risasi kwenye mlango wetu, na mlango ulikuwa mwembamba, mama yangu akatwambia rukeni. Tukamruka. Mimi nilikuwa mdogo, miguu yangu mifupi. Nilimkanyaga." Akajifuta uso kwa pembe ya mtandio. "Miaka yote nasema alibaki. Unajua neno lile limenifanya nini? Limenifanya nisimlilie. Mtu aliyebaki haliliwi. Mficha maradhi, mwanangu, kilio humfichua, na mimi sasa mtu mzima, nalilia wapi?"

Ibtihal alimkumbatia mama yake, wakalia wote wawili, mchele ukamwagika. Alilia kweli, msimdhanie vibaya. Usiku ule hakula. Lakini Jumapili, siku ya kazi kuanza kule, alirudi kazini, na kibao kile kile kikawa ndani ya mkoba wake. Alijiambia kwamba ya mama ni ya mama, na kazi ni kazi, na kwamba ya mama hayana wa kuyarudisha lakini bakuli lina wa kulirudisha, na njia ya kulipata ni upole. Kujidanganya hakuhitaji akili nyingi.

Humoud akakubali kukutana na mzee. Akaandaa majlisi yake ya chini, ukumbi wa wageni pale makumbusho, akaita na jamaa zake wanne watano, wazee wa Nizwa wenye vilemba vilivyofungwa sawasawa, majambia viunoni. Ibtihal alikaa pembeni karibu na Seo awe msemaji wake, kwa kuwa Kiarabu cha karakana hakikuweza kubeba mazungumzo ya majlisi. Alikuwa amevaa vizuri siku ile. Ilikuwa mara ya kwanza kukaribishwa katika majlisi ya watu wale, na moyoni mwake kulikuwa na kitoto kinachoitwa Mzinjibari kilichotaka sana, sana, kionekane kina adabu.

Alisoma kibao chake. Wazee wakatikisa vichwa. "Maneno mazuri," mmoja akasema. "Hayana fitina." Humoud akatabasamu, akaagiza kahawa.

Kijakazi wa nini, kahawa pale humiminwa na mpwa wa mwenye nyumba, ndiyo heshima. Akaja na dele la kahawa mkono wa kushoto na finjani mkono wa kulia, akaanza na mgeni. Seo akapokea finjani kwa mikono miwili. Akaitazama. Halafu akainama, akaiweka sakafuni mbele yake, imejaa, akaondoa mkono.

Majlisi ikanyamaza. Desturi hii wanaijua watu wote wa Sharqiyah, upande wa Sur na Ibra, na Nizwa wanaijua pia: mgeni akiweka kahawa chini bila kuinywa, ana haja kwa mwenye nyumba, na hatainywa mpaka haja yake ikubaliwe. Mwenye nyumba akisema kunywa, umepata, basi amefungika. Akikataa, habari itamfika kila mtu kabla ya magharibi, kwamba mgeni alitoka nyumbani kwa fulani na kahawa yake ikabaki sakafuni. Hiyo ni aibu ya kuzikwa nayo. Na Seo, mzee wa watu asiye na wakili wala ubalozi nyuma yake, alikuwa ameitegemea hiyo tu. Siku zote kule Sur alikuwa akiiona ikifanya kazi.

"Bakuli letu," alisema kwa Kiarabu chake kikavu. "La bibi yetu. Lirudi."

 Humoud alitazama finjani, akatazama jamaa zake, uso umempauka. Alikuwa amebanwa, wallahi alikuwa amebanwa! Laiti angeachwa pale pale, kimya kile kikaendelea kidogo, angelisema mbele ya wale wazee neno ambalo asingeweza kulirudisha. Badala yake akamgeukia Ibtihal, akazungumza polepole, kwa sauti ya mtu anayeomba kuokolewa. "Bibi, mwambie mzee wetu anywe kwanza, isipoe. Mengine tutayaangalia."

Na Ibtihal, mtoto wa Bi Thuraya, aliyefunzwa tangu utotoni kwamba kimya cha aibu lazima kifunikwe haraka na haluwa, hakustahimili. Aliona macho ya wazee. Aliona kwamba wanamtazama yeye, kana kwamba yeye ndiye aliyemleta mtu asiye na adabu. Akamwinamia Seo.

"Kunywa, ammi."

"Amekubali?"

Palikuwa na jibu moja tu la kweli, nalo lilikuwa fupi: hapana. Ibtihal akasema, "Inshallah mambo yatakuwa mazuri. Kunywa tu."

Seo alimtazama usoni. Alimwamini kwa sababu Ibtihal alimwambia nao walifukuzwa kwao. Akaiokota finjani, akainywa yote, akaitikisa kuashiria ametosheka. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na alikuwa anatabasamu. Wazee wakasema mashallah. Humoud akavuta pumzi, akaagiza haluwa.

Baadaye Ibtihal alijaribu kukumbuka ni lini alijua kwamba Humoud halirudishi. Alijua pale pale. Aliona jinsi Humoud alivyoegemea mto, akajua, akajiambia atalizungumzia wiki ijayo kwa upole. Akaandika ujumbe mara mbili kwa Humoud, mzuri, usiomuudhi mtu, akajibiwa vizuri vile vile, kwa salamu na dua.

Haikupita miezi mingi, Nadhir akampigia simu. Hakuzungushazungusha, Nadhir hana ulimi huo. "Bakuli limeuzwa, Ibtihal. Limeshapanda ndege. Kuna mtu wa nje alilitaka toka zamani, aliogopa tu madai ya Wakorea. Humoud kamwambia hakuna madai tena. Kamwambia mwenye madai alikuja hapa, akasomewa maneno, akanywa kahawa mbele ya mashahidi. Na kile kibao chako kimeenda pamoja nalo. Yule bwana kakipenda sana."

Ibtihal hakukumbuka alivyokata simu. Alikwenda Ibra kwanza, akamwambia mama yake. Bi Thuraya hakumsimanga. Ingekuwa afadhali angemsimanga.

"Nenda Sur," alisema mama. "Leo. Usimwambie kwa simu. Na ukifika, mwanangu, nakuomba, sema."

Alikuta mlango wa Seo uko wazi. Nyumba ilikuwa ndogo, safi, inanuka mafuta ya ufuta na samaki wa kukaanga. Mzee alimpokea kwa furaha iliyomkata Ibtihal maini. Akamketisha, akamletea maji, akamenya chungwa akalipanga kwenye sahani.

"Binti, unajua dada yangu amefanya nini?" alianza kabla ya yote. "Nilimwambia kwamba kwa Waarabu kahawa ikinywewa, neno limepita. Basi amekusanya ukoo mzima. Wamefyeka majani kilimani, wamepika, wamekwenda kumwambia bibi kwamba bakuli lake linakuja. Kwetu jambo kama hilo haliendi hivi hivi, lazima wafu wapewe habari. Amemwambia na babu pia. Amemwambia asiombe tena radhi."

"Ammi," Ibtihal akasema. "Bakuli limeondoka."

Hata hapo! Hata hapo ulimi wake ulikwenda wenyewe ulipozoea. Seo akauliza kwa shauku, "Limeondoka kuja Korea?"

Ibtihal alishuka kwenye kiti akapiga magoti sakafuni, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, na abaya yake, na elimu yake. "Limeuzwa. Humoud ameliuza kwa mtu wa nje, sijui ni wapi. Siku ile hakukubali, ammi. Hakusema amekubali. Mimi ndiye niliyekwambia unywe, nikijua hajasema. Niliona haya mbele za watu. Mmeibiwa mara ya pili, na safari hii aliyewaonyesha njia ni mimi."

Alitegemea afukuzwe. Aliomba kimoyomoyo afukuzwe. Seo alikaa tu na ganda la chungwa mkononi, analikunja na kulikunjua, mpaka simu yake mezani ikaanza kulia na kuwaka. Ilikuwa picha ya dada yake, bibi kizee mwenye nywele nyeupe zilizochanwa nyuma. Ndiyo ilikuwa saa yao ya kuzungumza, kila siku.

"Mwambie, ammi," Ibtihal alisema huku analia. "Mwambie ni mimi. Nionyeshe uso wangu anione."

Seo alipangusa macho kwa kiganja, akajinyoosha, akaipokea. Bibi kizee akajaa kwenye kioo cha simu, anazungumza kwa kelele kama wazungumzavyo wasiosikia vizuri, anacheka, hana meno ya mbele. Aliinua kitu akakionyesha. Lilikuwa sanduku dogo la mti mpya, na ndani yake alikuwa anashindilia pamba kwa vidole vilivyopinda. Akauliza jambo. Seo akamjibu taratibu. Akauliza tena, akajibiwa tena, akacheka, akamwona Ibtihal nyuma ya kaka yake, akampungia mkono, na Ibtihal, Mungu amsamehe, akampungia.

Simu ikakatika. Nje watoto walikuwa wanagombania mpira.

"Umemwambia?" Ibtihal akauliza.

"Aliuliza kama lina ufa, ajue aweke pamba kiasi gani."

"Ukamjibu nini?"

Mzee Seo, ambaye hakuwahi kupenda maneno mepesi, aliirudisha simu mezani.

"Nimemwambia halina hata mkwaruzo," alisema.